Mbabula moja, lupango zima: futari ya Likasi inavyopikwa

Anayetaka kuielewa futari ya Likasi asianze na orodha ya vyakula. Aanze na moto. Katika mitaa ya Kikula, Panda, Shituru, kote huko chakula cha Ramadhani kinaivishwa kwa makala, yaani mkaa, juu ya mbabula, jiko la mkaa, na mara nyingi mbabula ni moja, zikizidi ni mbili. Umeme ukiwepo, maji ya chai yatachemka kwenye jiko la umeme. Lakini hakuna mama anayekabidhi futari ya lupango, yaani ua la watu kumi na wawili, kwa umeme unaoweza kukatika saa kumi na moja jioni. Makala ndiyo yanayotegemewa, na makala yana tabia zake: yanachelewa kushika, yanapanda hadi ukali wake, kisha yanashuka taratibu mpaka majivu. Mpishi hodari wa Likasi hupanga vyakula vyake kufuata mpando na mshuko huo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ufundi wote wa futari ya mji huu, na haujaandikwa vya kutosha kwa sababu wanaoujua wako jikoni.

Tuanze na saa. Likasi iko kama nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana wake haurefuki wala haufupiki sana mwaka mzima. Katika Ramadhani ya 2026, iliyoangukia Februari na Machi, jua lilizama kati ya saa 12:25 na 12:45 jioni, na mfungo ulikuwa wa saa 13 na nusu hivi. Hilo linavumilika. Kinachosumbua jikoni ni mvua. Huku mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, miaka kadhaa ijayo bado itatukuta ndani ya masika. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba, zote wakati wa mvua.

Makala yaliyolowa ni hasara mara mbili. Sehemu ya joto lake inapotea kwa kukausha maji yaliyomo kabla halijafika kwenye sufuria, na muda wote huo moshi unamwingia machoni mtu aliyefunga. Wenye kujali huinua gunia juu ya mbao au matofali, hulifunika, na hutandaza makala ya kesho kuzunguka mbabula ya leo yakauke kwa joto lililobaki. Ni kazi ya dakika tano, nayo inaokoa nusu saa.

Halafu kuna mwinuko. Mji uko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa chai haijalishi, kwa maharagwe inajalisha sana. Mtu wa Mombasa akija Likasi na saa zake za kupikia maharagwe atafuturu na maharagwe magumu. Dawa ni kuyaloweka tangu wakati wa daku, kumwaga maji yale, na kuyapa moto wa kwanza wa mchana, ule mkali, baada ya Adhuhuri. Yakishaanza kulainika hayahitaji ukali tena. Yanaweza kukaa pembeni huku makala yakipungua nguvu.

Moto huo wa kwanza una mshindani: sombe. Majani ya muhogo yana kemikali iitwayo linamarini, ambayo yakitwangwa huvunjwa na kimeng'enya kilicho ndani ya majani yenyewe na kutoa sianidi. Ndiyo maana sombe inatwangwa sana, na ndiyo maana wanaojua huichemsha kwanza sufuria ikiwa wazi, sumu itoke na mvuke, kabla ya kutia kitunguu, mafuta ya mawese, ndakala (dagaa wakavu) au karanga za kusaga. Siku hizi sokoni kuna mashine za kusaga sombe, zimewapunguzia mama kazi ya kinu. Lakini mashine haifuti ile saa ya kuchemsha, na anayeifupisha kwa kuwa majani yamesagika laini anakosea. Uzuri wa sombe kwa mfungaji ni kwamba haiharibiwi na kungoja. Ikipikwa saa tisa na kupashwa saa kumi na mbili, mafuta yameshaingia, na huwa tamu zaidi. Chakula kinachokubali kungoja ni hazina kwa mtu mwenye mbabula moja.

Niseme neno kuhusu kuosha. Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na vumbi la migodi na viwanda linatua kwenye bustani na kwenye meza za sokoni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha viwango vya juu sana vya kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kuosha hakuondoi kile ambacho mmea umekinyonya kwa mizizi, lakini kunaondoa vumbi lililokaa juu ya jani. Lengalenga na matembele yaoshwe kwa maji mengi, mara mbili au tatu, kabla ya kukatwa. Yakikatwa kwanza, uchafu unaingia penye majeraha ya jani na virutubishi vinatoka na maji.

Baada ya sombe au maharagwe huja samaki. Thomson, yule samaki wa baharini anayekuja akiwa barafu, ndiye mboga ya wengi. Waislamu wa Likasi ni wachache kati ya majirani Wakristo, na si kila nyama ya buchani inajulikana imechinjwa na nani. Samaki hana shida hiyo. Anakaangwa au kuchemshwa na nyanya makala yakiwa bado na nguvu ya kati, anatolewa, anawekwa kando kwenye mchuzi wake. Samaki wa maji baridi nao wapo, wakiwamo wa ziwa Tshangalele, lile lililotokea baada ya mto Lufira kuzibwa Mwadingusha. Hao ni wepesi kuvunjika, wasigeuzwe mara mbili.

Chumvi inapimwaje na mtu aliyefunga? Wanachuoni wengi wanaruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema pakiwa na haja. Hata hivyo wapishi wengi hawapendi. Wanapima kwa kifuniko cha chupa au kwa vidole vitatu, wanatia pungufu, na chumvi inawekwa mezani pamoja na pilipili. Huo ni uamuzi sahihi wa kiufundi: chumvi iliyopungua inaongezwa, iliyozidi haitoki. Na ndakala wana chumvi yao tayari, kwa hiyo sombe yenye ndakala itiwe chumvi mwisho kabisa.

Sasa bukari, yaani ugali, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote.

Futari ina utaratibu wake: tende na maji, labda kikombe cha uji, kisha sala ya Magharibi, ndipo watu wakae chini wale. Kati ya adhana na tonge la kwanza zinapita dakika 15 au 20. Bukari haipendi dakika hizo. Wanga wa mahindi hulainika na kuvimba ukipita nyuzi 60 na kitu, na ukipoa minyororo yake hujifunga upya, bukari ikawa ngumu juu, ikapasuka, ikakosa mvuto. Anayeisonga mapema analisha watu donge baridi. Anayeisonga baada ya sala anawaweka watu wenye njaa wakimtazama.

Wako wanaoiacha ndani ya sufuria juu ya majivu ya moto, imefunikwa. Joto linabaki, ila chini inaganda ukoko, na bukari ya watu kumi na wawili ikipoteza ukoko wa kidole kimoja ni unga mwingi uliotupwa. Njia ninayoiona bora ni nyingine, nayo Likasi inaijua siku nyingi: kuchanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo. Wanga wa muhogo una kiasi kidogo zaidi cha ile sehemu inayojifunga haraka ukipoa, kwa hiyo bukari yenye muhogo inabaki laini na yenye kuvutika muda mrefu zaidi. Maji yachemke, unga kidogo ukorogwe uwe uji, uji huo uive kweli, dakika kumi si nyingi hapa kwetu juu. Kisha unga mchanganyiko utiwe kwa mikupuo, mwiko ukigandamiza bukari kwenye ukuta wa sufuria na kuikunja ndani, sufuria ikiwa imebanwa kwa miguu. Mkono unajua imeiva pale mwiko unapotoka safi na bukari inajiachia yenyewe pembeni. Inapinduliwa kwenye bakuli lililolowanishwa maji, inafunikwa kwa sahani na kitambaa kinene. Ikifanywa hivyo robo saa kabla ya jua kuzama, inafika sinia ikiwa na mvuke bado.

Zamani mchanganyiko huo ulisukumwa na bei kuliko ladha, na bado ni hivyo. Haut-Katanga, mkoa wetu, hula mahindi mengi yanayovuka kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mavuno yake ya mahindi mwaka huo yakawa chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Ramadhani ilianza chini ya wiki mbili baada ya tangazo hilo. Bunga, yaani unga wa mahindi, ikipanda bei, sehemu ya muhogo inaongezwa. Tahadhari yake ni moja: muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo bukari ikiegemea muhogo, mboga nayo iongezwe ndakala, maharagwe au karanga. Tumbo litashiba vyovyote vile, lakini mtoto anayekua anahitaji zaidi ya kushiba.

Kula kwenyewe ni kwa sinia moja, wanaume kwao, wanawake na watoto kwao, mikono ikishaoshwa kwa maji ya kumiminiwa. Ulaji wa pamoja una faida ya jikoni ambayo haitajwi sana. Bukari moja kubwa inapoa polepole kuliko sahani kumi ndogo, kwa sababu eneo lake linaloguswa na hewa ni dogo ukilinganisha na ujazo wake. Mgeni akiingia ghafla hakuna sahani ya kugawa upya, anasogezewa nafasi. Jirani Mkristo anayepita saa hiyo anakaribishwa kama wengine, na watoto wake huwa wameshafika kabla yake.

Siku ya Idi moto unabadilika. Mbabula inapumzika, yanawekwa mafiga matatu na kuni, na bukari inampisha wali. Hilo lina historia. Kitovu cha Uislamu wa Congo ni Maniema, Kasongo na Nyangwe, walikotua wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, Tippu Tip akiwa mmoja wao, na hao ndio walioingiza kilimo cha mpunga kule. Watu wa Maniema waliokuja kusini kutafuta kazi na biashara walikuja na wali wao wa sikukuu, na pilau ikapata makao katika mji wa bukari.

Kosa la kawaida la pilau ya watu wengi ni hesabu ya maji. Mtu anayepika kilo moja ya mchele kwa lita mbili anadhani kilo kumi zinataka lita ishirini. Sivyo. Mchele hunywa maji kwa uzito wake, lakini maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa sufuria na muda wa kupika, na hayo hayaongezeki mara kumi. Lita 15 kwa kilo kumi ni mwanzo mzuri, pungufu kidogo kama mchele ni mpya. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe kahawia hasa, ndicho kinachotoa rangi. Bizari nzima, iliki, karafuu na mdalasini viingie kwenye mafuta kabla ya nyama. Maji yakikaribia kukauka, kuni zitolewe, makaa yapaliwe juu ya kifuniko. Maji yetu yasiyofika nyuzi 100 yanafanya wali wa juu ubaki na kiini, na joto la kifuniko ndilo linalouivisha.

Kabla ya sala ya Idi kuna zakatul-fitri, pishi moja ya chakula kikuu kwa kila mtu wa nyumbani, ambayo wengi huikadiria kati ya kilo 2.5 na 3. Anayenunua kwa meka, kile kipimo cha sokoni, apime kwanza uzito wa meka ya muuzaji wake, kwa kuwa hazilingani, na pungufu hapo ni pungufu ya sufuria ya mtu mwingine.

Limebaki suala la moto wa daku. Wengi hufukia makaa kwenye majivu usiku ili saa kumi alfajiri wasianze upya, na ni akili nzuri. Lakini usiku wa mvua mbabula hiyo huingizwa ndani, ibaki kavu na chumba kipate joto. Makaa yaliyofukiwa yanaungua kwa hewa haba, na kuungua huko ndiko kunakotoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Mbabula ilale nje, chini ya kibaraza au paa la bati, mbali na dirisha. Kama mvua imeizima, kuleni mihogo ya kuchemsha na karanga, mnywe chai iliyobaki kwenye chupa, mnuie, mfunge.