Cherehani Isiyokuwapo

Jioni ile umeme ulikuwa umerudi, na mama alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari. Dada yake, mama yangu mkubwa, alionekana kwenye kioo kutoka Liège, Ubelgiji, kajitanda skafu. "Geuza telefone, nione nyumba," akasema. Mama akaigeuza. Ukapita ukuta wa mawe ya volkano, mbabula, jiko letu la makaa, mlangoni, wajukuu wanaogombania mkeka, ufa wa darini. Nusu dakika tu, nyumba nzima imekwisha kuonwa. Mimi, ninayejiita mtunzi wa riwaya, nilijisikia kama mtu aliyefiwa.

Mama mkubwa aliondoka Goma, mji wetu mashariki mwa Kongo, mwaka 1993. Alipita Kampala, akakaa Nairobi, mwisho akafika Ulaya. Dada wawili waliokuwa wakilala kitanda kimoja wakabaki na karatasi. Mama hakusoma shule. Karani wake nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa.

Barua haikuwa kazi ya kukurupuka. Mama alimaliza kwanza shughuli zote za nyumba, akanawa mikono, akakaa, akanyamaza. Salamu zilikula nusu ukurasa, maana kila jirani alikuwa na haki ya kusalimu. Ndipo yakaja maneno yenyewe. Aliyamwaga yote, kama mchele kwenye ungo, kisha akaanza kuchagua. Bei ya unga, andika. Kikohozi cha bibi, usiandike. Ugomvi na shemeji, usiandike, andika anawasalimu. Amri ile ndiyo iliyonilea: "Iyo usiandike."

Mama mkubwa alikuwa amemwachia mdogo wake cherehani, Singer nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka uliofuata ikauzwa. Niliiona ikitoka, imefungwa kamba za mpira juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Usiku huohuo mama akanikalisha. "Andika: mashini yako iko, tunaifunikaka na kitenge." Nikaandika. Jibu lilipokuja, baada ya miezi, mama mkubwa aliuliza kama tunaitia mafuta. Mama akakosa la kusema. Mimi, bila kutumwa, nikaandika kwamba tunaitia kila Jumamosi, na kwamba gurudumu hulia kidogo linapoanza kuzunguka, likishapata moto hunyamaza. Nilipomsomea, alinitazama kwa muda mrefu. Hakuniambia nifute.

Kwa miaka minane tuliitunza cherehani isiyokuwapo. Panya walitoboa kitenge chake tukakibadilisha. Jirani alitaka kuiazima tukamkatalia. Nikajifunza kwamba uwongo mmoja unahitaji kitenge cha kuufunika, kitenge kinahitaji pembe ya nyumba, na pembe inahitaji mtu anayepita hapo kila siku bila kuigusa. Sijui shule nyingine ya utunzi iliyonifundisha zaidi.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Moto ulishuka ukakata mji katikati hadi ziwani, ukafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege, nasi tukakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, pamoja na umati. Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mwamba mweusi uliokuwa bado unafuka moshi. Sanduku la bati lenye barua zote za mama mkubwa lilikuwa humo. Mama akatafuta karatasi kwa watu. "Andika: volkano imekula mashini." Nilimwona uso ukimlegea, kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye msafiri mmoja akatuletea bahasha yenye pesa: tununue nyingine. Mama alilia siku hiyo, nami nikadhani ni kwa shukrani.

Miaka ikapita. Siku moja mama mkubwa aliniambia kwa simu, huku akicheka, kwamba alikuwa bado Nairobi alipoambiwa na mtu wa Goma kuwa cherehani imeuzwa, hata kabla barua yetu haijamfikia. Alijua. Alijua, na bado akauliza kuhusu mafuta.

Sijapata maelezo mengine ya msomaji wa riwaya yanayozidi hayo. Anajua kwamba cherehani haipo; anachotaka ni kusikia jinsi ilivyotiwa mafuta.

Mafundi wakubwa wa riwaya walilijua hilo. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, aliwaweka Rosa na wadogo zake wa Ukerewe chini ya baba ambaye barua moja ya mvulana ilitosha kumtoa akili. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, lakini wasomaji hawakukiacha. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana, katika Gravel Heart ya mwaka 2017 alimpeleka Salim London na swali moja: kwa nini baba yake alihama nyumbani? Salim anaishi miaka mingi na swali hilo. Jibu linakuja mwishoni, kinywani mwa baba mwenyewe, na linamhusu dada aliyebeba mzigo kwa ajili ya kaka yake. Lingewekwa ukurasa wa kwanza, lingekuwa umbea tu.

Siku hizi vijana huniletea kazi zao kwenye simu. Siri imo katika aya ya kwanza, "ili msomaji asichoke." Msichana anaondoka Goma, na mstari wa pili yuko Brussels. Hakuna kuvuka mpaka pale Grande Barrière, hakuna mwaka wa kungojea makaratasi. Huwauliza: alipoondoka, aliacha nini, na alimwachia nani? Wananitazama kama mzee anayeuliza bei za zamani. Lakini niwalaumu vipi, wakati hata ukoo wenyewe umesahau kuchagua mchele? Jambo lililotunzwa miaka thelathini linarushwa usiku wa manane kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja. Kukicha shangazi watatu wamejitoa, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza kuhusu mafuta.

Barua zote tulizopokea ziliungua. Nilichobaki nacho, nilichojengea riwaya yangu ya dada wawili, ni yale niliyokatazwa kuandika. Mjukuu anayemshikia bibi yake simu leo hakatazwi chochote. Atakumbuka nini?

Jioni ile, mazungumzo yalipokwisha, mama alifuta kioo kwa ncha ya kitenge chake. Nikamuuliza swali ambalo karani hakuwahi kuuliza: kwa nini uliiuza? Alikaa kimya mpaka maji yakachemka kwenye mbabula. Akanijibu, sentensi mbili tu. Kisha akaniona mkono ukienda mfukoni kutafuta kalamu.

"Iyo usiandike."