Mizani iliyofichwa ndani ya goti

Mama anayeteremka mlima huko Bule na bidoni ya lita 20 kichwani hakimbii. Anatua mguu upandeupande, goti limekunjwa kidogo, kama anayejaribu udongo kwanza. Anajua mteremko unadai zaidi. Unadai kiasi gani, hata maprofesa walikuwa wakikisia.

Kikwazo ni misuli. Mizani iliyo chini ya unyayo inaonyesha mguu unavyokandamiza ardhi, lakini haioni paja linavyoubana mfupa wa muundi dhidi ya mwenzake wa juu. Ilibidi kuingia ndani. Mwaka 2004, timu ya Darryl D'Lima huko La Jolla, Marekani, ilimwekea mgonjwa goti bandia lenye vihisi. Huko Berlin, kundi la Georg Bergmann katika hospitali ya Charité likaenda mbali zaidi: lilitaka kujua pia msukumo wa mbele, wa pembeni na msokoto.

Shina la sehemu ya chini ya goti, lile linalozama ndani ya muundi, waliliacha wazi kama mrija. Ndani wakabandika vihisi sita vidogo ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika chuma kikipindika, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Kabla ya upasuaji, kila goti lilikandamizwa kwa uzito unaojulikana, ili baadaye mawimbi yake yasomeke. Na betri? Hakuna. Mgonjwa huvishwa koili ya waya kwenye mguu. Uga wake wa sumaku hupeleka umeme hadi ndani, na antena ndogo hurusha vipimo nje. Kamera humrekodi wakati huohuo. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: betri ingekufa, na nani angepasua goti upya kuibadilisha?

Matokeo ya wagonjwa watano yalitolewa 2010. Kutembea tambarare: kilele cha mkandamizo kilikuwa wastani wa asilimia 261 ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi: 316. Kushuka: 346. Kwa mtu wa kilo 60, goti moja linabeba zaidi ya kilo 200 kila anaposhuka kidato, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki.

Tusiharakishe kuzihamishia namba hizo Bule. Zile zilikuwa ngazi kavu, na wagonjwa wale hawakuwa na bidoni kichwani. Wala teknolojia ya karibuni haitatupa namba za Bule: goti lenye vihisi lililoidhinishwa Marekani mwaka 2021, Persona IQ, lina betri. Lakini huhesabu hatua na kupima mkunjo wa goti, wala halipimi mkandamizo.