Maandiko ya Kale ya Masasi na Newala, na Jinsi Yapasavyo Kusomwa

Mwalimu atakaye kujua habari za kale za Masasi na Newala hana budi kubisha hodi milango mingi, maana maandiko ya nchi hii yametawanyika. Barua na taarifa za misheni ya U.M.C.A. zimehifadhiwa Oxford. Vyombo alivyokusanya Karl Weule mwaka 1906 vilipelekwa Leipzig, na nyimbo alizozinasa katika nta ziko Berlin. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza vyasomwa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa zilizoanzishwa mwaka 1963. Tena vita vilipita hapa mara mbili: Magwangwara waliipiga Masasi mwaka 1882, na mwaka 1905 misheni ikateketezwa katika vita vya Majimaji. Kwa hiyo yaliyosalia ni machache, na yapasa kupimwa vema kabla ya kuwafundisha watoto.

Tuanze na kitabu cha Weule, kilichotoka kwa Kidachi mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909, katika tafsiri ya Alice Werner. Kitabu hiki kina faida kubwa. Alichokiona kwa macho amekieleza kwa uangalifu: ufinyanzi, mitego, nyumba, ngoma, na ndonya katika midomo ya wanawake. Mwenye kutaka kujua kazi za mikono za mababu zetu asikidharau.

Lakini pale asemapo habari za mioyo ya watu, twamsoma kwa hadhari. Alikaa nchini miezi michache tu. Maneno mengi aliyapata kwa njia ya wakalimani na kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya Mmakonde, wala ya Myao, wala ya Mmakua. Zaidi ya hayo alifika mwaka mmoja tu baada ya Majimaji kuanza, akisindikizwa na askari wa serikali. Mzee aliyeona vijiji vikichomwa, akiulizwa na mgeni mwenye askari, atajibu nini? Atajibu lile lisilo na hatari. Basi ukimya wa wazee, ambao Weule mara nyingine auhesabu kuwa ni ujinga au uvivu, sisi twaona yawezekana ulikuwa busara.

Tutoe mfano mmoja. Weule aliandika hadithi ya asili ya Wamakonde: mtu aliyetoka msituni alichonga sanamu ya mti, ikawa mwanamke, watoto waliozaliwa karibu na maji wakafa, na yule aliyezaliwa mahali pa juu akaishi. Ndiyo sababu, hadithi yasema, watu hukaa mlimani, ijapokuwa wanawake huteremka mbali kuteka maji. Msomaji wa kitabu hiki peke yake atadhani sababu ni ugonjwa wa mabondeni tu, basi. Lakini aweke kando yake habari za misheni. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaacha watumwa walioachwa huru pale Masasi, chini, penye maji na ardhi nzuri. Baada ya shambulio la mwaka 1882, Chauncy Maples na wenzake wakahamisha makao ya kazi Newala, juu mlimani. Wazungu nao waliufuata ule mlima! Hapo twatambua kwamba vichaka vizito vya Umakonde vilikuwa pia boma dhidi ya wavamizi na wafanya biashara ya watumwa. Hadithi si uongo. Yasema sababu moja, na barua zasema ya pili. Aliye na andiko moja ana nusu ya habari.

Vitabu vya wilaya navyo vina kasoro yake. Maofisa walitafuta wakuu wa kutawala kwa njia yao, wakapenda kuandika majina ya watawala na mipaka. Lakini kwa Wamakonde kila chirambo kilikuwa na mkulungwa wake, na hapakuwa na mfalme juu ya wote. Ukimtafuta mfalme mahali pasipo mfalme, utampata tu kwa kumtengeneza.

Wala maandiko ya misheni hatuyaachi bila kuyapima. Wale watu wa mwaka 1876 twawajua zaidi kwa hesabu yao na kwa majina ya ubatizo. Jina alilopewa mtoto na mama yake, kabla hajakamatwa, mara nyingi halikuandikwa. Hasara hii ni kubwa kuliko karatasi zilizoungua, kwa kuwa jina lingemwonyesha mjukuu ukoo wake.

Basi shauri letu kwa walimu na makasisi ni hili. Mtu asisome andiko lolote bila kuuliza: nani aliandika, kwa lugha gani, na aliyejibu alikuwa na hofu gani? Kisha achukue daftari, aende kwa wazee na kwa bibi zetu, awasikilize kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, aandike maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na majina, mahali na tarehe. Daftari hilo na litunzwe hapa hapa, mbali na mchwa na moto, ili mjukuu akiuliza habari za babu yake asilazimike kuzitafuta ng'ambo.