CRANberries: mlisho mzuri, ila usiuachie kila kitu

Kama utafiti wako unategemea R, CRANberries ni mlisho wa RSS wa kuufahamu. Dirk Eddelbuettel ameutengeneza utangaze pakeji mpya, zilizosasishwa na zilizoondolewa CRAN. Bila ubishi, ni kazi safi.

Tatizo la kwanza ni wingi. CRAN ina pakeji zaidi ya 20,000, na mlisho hauchagui. Ukiuelekeza kwenye barua pepe bila kichujio, siku ya tatu utaacha kuusoma. Weka kichujio chenye majina ya pakeji ambazo skripti zako zinazitumia. Zingine zipitie mara moja kwa wiki.

Tatizo la pili ni zito zaidi: kuondolewa kunatangazwa kukishatokea. Oktoba 2023 rgdal, rgeos na maptools zilistaafishwa. Kama ulichora nazo ramani za tasnifu kisha ukabadilisha laptop, kuzisakinisha kwa njia ya kawaida haiwezekani tena. Lakini rgdal ilishaonya mapema, kila ulipoifungua, uhamie sf, stars au terra.

Kwa hiyo chuja mlisho, sawa. Ila yale maandishi ambayo pakeji inakutolea ikifunguka, yasome.