Shawa ya Umeme: Fundi Hujulikana kwa Maungio

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Arusha au Njombe, shawa za umeme hufungwa kwa wingi. Maji yakitoka moto, fundi analipwa na kuondoka. Lakini maji ya moto si ushahidi wa kazi nzuri. Hata kazi mbovu huyapasha, pengine mwaka mzima, kabla haijaunguza ukuta.

Mimi huanza na waya. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 24 muda wote unaooga. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, haufai hapo hata fundi aape. Nataka kuona wa 4, na bora zaidi wa 6, ukitoka kwenye breka yake peke yake.

Kisha nazima breka, napanda ngazi, naangalia maungio juu ya shawa. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kuviringishiwa tepu hulegea, na palipolegea hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Fundi anayeipenda kazi yake hutumia konekta ya kauri, huchuna waya kiasi cha kuingia tu, hukaza skrubu, halafu huvuta kila waya kuona kama umeshika. Nikiona shaba inachungulia, kazi hiyo irudiwe.

Swichi iwe mbali na mkono wa anayeoga, ya ampea 45, inayokata fezi na nyutro kwa pamoja. Mtu akishaoga, gusa kifuniko cha swichi kwa mkono mkavu: kikiwa cha moto, kuna kasoro ndani.

Lakini yote hayo ni bure bila ethi. Katika shawa nyingi za aina hii koili imo ndani ya maji, wazi kabisa. Hata hivyo, nimeukuta waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umekatwa na kukunjwa, eti maji yanapata moto bila huo! Mimi huufuata hadi kwenye rodi iliyopigiliwa ardhini. Na maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme zaidi. Kama ndiyo unayotumia, dai shawa yenye koili iliyofunikwa, pamoja na breka ya kuvuja kwa umeme ya miliampea 30.

Ukikuta ethi imekatwa, usioge. Zima breka, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na usimlipe kabla hujaona kwa macho yako waya huo umeungwa.