Kovu Linalookoa Moyo na Kovu Linaloubana

Mshtuko wa moyo ukimpata mtu Malindi, jamaa hutafuta gari la kumkimbiza Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi. Wakati huo kifuani kuna kazi ambayo haisubiri daktari. Mshipa umeziba, misuli iliyolishwa nao inakufa, na moyo hauna budi kuendelea kudunda huku kipande cha ukuta wake kimelegea. Misuli hiyo haioti tena kama ngozi iotavyo. Mwaka 2009 watafiti wa Karolinska, Uswidi, walikadiria kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban 1% tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya hiyo. Basi moyo huzibwa kwa kovu, na mafundi wa kovu hilo ni seli ziitwazo faibroblasti.

Katika moyo mzima faibroblasti hukaa kimya baina ya nyuzi za misuli, zikitunza kolajeni, protini ngumu inayoushikilia moyo usipoteze umbo. Jeraha likitokea zinaamka. Maabara ya Jeffery Molkentin, Cincinnati, Marekani, ilizifuatilia katika panya na kutoa ratiba yake mwaka 2018. Siku ya pili hadi ya nne zinazaana kwa kasi. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza zimegeuka mayofaibroblasti, seli zinazoweza kujikaza, zikimwaga kolajeni na kuvuta kingo za jeraha. Kovu likikomaa zinatulia, zikawa seli za aina ya tatu zinazotumia baadhi ya jeni za gegedu na mfupa. Kovu hilo ni kama pamba ya kalafati kwenye mashua: huzuia maji, lakini haisukumi chombo.

Asili ya seli hizi ilijulikanaje? Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Wako waliosema mafundi hao hutoka kwenye uboho wa mifupa, wengine wakasema ni seli za utando wa ndani wa mishipa zilizobadilika. Ukiitazama seli chini ya hadubini, haikwambii ilikotoka. Ujanja uliotumika ni wa kuitia alama isiyofutika. Kuna protini iitwayo periostini, ambayo moyo mzima wa mtu mzima huitoa kidogo sana, ila ukijeruhiwa huimwaga kwa wingi. Watafiti walipandikiza swichi kwenye jeni ya periostini ya panya: seli ikianza kuitengeneza, inawaka rangi, na vizazi vyake vyote huirithi rangi hiyo hata vikiacha kazi. Tena swichi haifanyi kazi mpaka panya apewe dawa ya tamoksifeni, kwa hiyo mtafiti ndiye anayechagua saa. Matokeo ya mwaka 2016 yalikata sehemu kubwa ya ubishi: mafundi ni wakazi wa moyo wenyewe.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la mwaka 2007, la maabara hiyohiyo. Panya waliozaliwa bila periostini walipopata mshtuko wa moyo, walikuwa wepesi zaidi kufa katika siku kumi za kwanza, ukuta wa moyo umepasuka. Waliovuka siku hizo wakawa na kovu dogo na moyo unaosukuma vizuri zaidi. Ukosefu uleule uliua mapema ukafaa baadaye. Ndiyo maana anayetaka dawa ya kuzima faibroblasti lazima kwanza aseme ataitoa siku gani.

Presha ni habari nyingine. Hapa hakuna tundu la kuziba, lakini faibroblasti zinaendelea kupokea amri ya kuziba, hasa kutoka kwa homoni ya anjiotensini, mwaka baada ya mwaka. Kolajeni inajipenyeza baina ya nyuzi zilizo hai, moyo unakakamaa, haujai damu sawasawa. Mtu anahema kwa kupanda ngazi na miguu inavimba.

Na presha hiyo hutoka wapi, na je, malaria inachangia? Anthony Etyang na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walilishika swali hilo kwa njia ya werevu mwaka 2019. Aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi na malaria, na kurithi huko ni bahati nasibu isiyojali chumvi wala umaskini. Ikiwa malaria hupandisha presha, mtu huyo awe na presha ndogo penye malaria, na tofauti isionekane pasipo nayo. Walipima presha kwa saa 24 watu 1,127 wa Kilifi, wakawalinganisha na wa Nairobi na wa Jackson, Marekani. Kilifi, kipimo cha juu cha wenye jeni hiyo kilikuwa chini kwa wastani wa mmHg 2.4, na 6.1 kwa wenye miaka 30 hadi 59. Nairobi na Jackson hapakuwa na tofauti. Utafiti ulipima presha, haukupima kovu. Hata hivyo, kwangu ni hoja nzito kwamba chandarua cha mtoto kinaweza kuwa kinga ya moyo wa mtu mzima.

Na kovu lenyewe, laweza kupunguzwa? Mwaka 2019 pia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilifundisha seli za kinga za panya kuwinda faibroblasti zilizochokozwa, na kovu likapungua. Ni panya, na itachukua muda. Dawa zilizoko leo, kama enalapril na losartan, hupunguza amri ile ya anjiotensini, mradi zimezwe kila siku. Basi wewe uliyeandikiwa dawa ya presha, usiiache kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Ikikusumbua, rudi kwa daktari akubadilishie.