Sifa za Mkahawa wa Mtaani

Miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili sifa na zisipewe, sijui kama iko iliyodhulumiwa kuliko kazi ya mpishi wa mkahawa wa mtaani, ambaye chakula chake huliwa na mwashi, karani, nahodha na mwalimu wa chuoni katika meza moja, kisha wote wakanawa mikono, wakamshukuru Mola na kwenda zao, pasi na hata mmoja kuuliza kilipikwaje. Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa mikahawa ya namna hii haina mapambo wala mpiga mbiu. Harufu itokayo dirishani karibu na adhuhuri yatosha.

Mizani ya mpishi wa pwani ni wali. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikachujwa katika kifumbu. Tui la kwanza, lililo zito, likawekwa kando, na tui jepesi ndilo linalochemshwa kwa chumvi na kutiwa mchele. Mpishi mwenye maarifa hungoja hata maji yakaribie kukauka, ndipo amimine lile tui zito, ageuze mara moja, afunike na kupalia makaa juu ya kifuniko, ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini pamoja. Na ufunuliwapo, kila punje imesimama peke yake, inang'aa. Samaki wa kupaka ana mashaka zaidi. Changu huchanjwa mbavuni, akatiwa tangawizi, kitunguu thomu, pilipili na ndimu, akabanikwa. Na huku nyuma tui lenye bizari na ukwaju hukorogwa bila ya kuachiwa mwiko, kwani likipuuzwa kitambo kidogo hukatika, na tui lililokatika halina toba. Likishakuwa zito hupakwa samaki, akarudishwa motoni, akapakwa tena, hata mgongo wake ukageuka manjano yenye madoa meusi ya makaa.

Meza hii ina nasaba ya kale. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza wali uliopikwa kwa samli, ukaandaliwa pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake ndimu zilizotiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Yeye alikirimiwa na sultani. Leo mchukuzi wa bandarini huagiza wali, mchuzi na achari ya embe kwa fedha ya jasho lake, na kwangu mimi hayo ni maendeleo makubwa kuliko mengi yanayopigiwa makofi.

Wala fadhila hii si ya pwani yetu peke yake. Yves Camdeborde, aliyekuwa mpishi katika hoteli ya fahari ya Crillon mjini Paris, chini ya Christian Constant, aliacha makuu hayo na mwaka 1992 akafungua La Régalade, mkahawa mdogo katika mtaa wa 14, mbali na katikati ya mji, akawapikia watu kwa ustadi ule ule na kwa bei ya kuvumilika. Watu wakamfuata huko huko, na wapishi wengine wakaiga mfano wake.

Lakini lililo adhimu kuliko yote ni uaminifu. Mgeni wa hoteli akiudhika hupanda ndege akaondoka na hasira zake; jirani hurudi kesho, na akiudhika mtaa mzima utasikia kabla ya alasiri. Kwa hiyo katika mkahawa mwema utamsikia mwandazi akimwambia mteja wake, kwa sauti ya chini na kwa adabu, "Pweza wa leo hakulainika, Maalim, chukua changu," naye Maalim akachukua changu bila ya swali la pili. Maneno hayo humpunguzia mwenye mkahawa faida ya siku moja, nayo ni sehemu ya upishi sawasawa na chumvi.

Laiti vyuo vyetu vya hoteli vingewapeleka wanafunzi wao katika majiko haya, wakae na wapishi hawa tangu nazi inapovunjwa hata sufuria ya mwisho inaposuguliwa, na wasipewe shahada kabla ya kupika wali ambao mchukuzi wa bandarini ataurudia siku ya pili kwa fedha yake mwenyewe.